Honi Tatu Fupi

Treni ilikuwa imeshang'oka kabla Gadi hajashusha bendera.

Aliihisi kwanza miguuni. Ule mshtuko mdogo wa behewa linapovutwa kutoka mbele, ambao mtu wa reli haulizi ni wa nini. Kisha dirisha la stesheni likaanza kusogea pembeni mwa uso wake, kisha kibao cha chooni, kisha mpiga picha aliyeachwa mdomo wazi, kamera kifuani. Gadi alikuwa ameinama nje ya mlango wa nyuma, filimbi mdomoni, bendera ya kijani juu ya kichwa, na pumzi aliyoitia katika ile filimbi ilikuwa haijamwisha.

"Mzee," alisema Mkuu wa makumbusho nyuma yake, "si tulisema ni maonyesho tu?"

"Tulisema."

"Sasa mbona tunakwenda?"

Gadi alitazama mbele, kule reli inakokata kona. Alikuwa ameshajua ni kwa nini wanakwenda, na wanakwenda wapi, na ni nani ameketi huko wanakokwenda.

Mambo yalikuwa hivi. Ile stesheni ya zamani, iliyokaa miaka kadhaa ikiota nyasi na kulala mbuzi, ilikuwa imepakwa rangi na kufanywa makumbusho ya reli, na siku hiyo ndiyo ilikuwa inafunguliwa. Wastaafu waliitwa waje kutembelea pamoja na jamaa zao. Gadi alikuja na dada yake mkubwa, ambaye mumewe ndiye aliyekuwa dereva wa mwisho wa injini za mvuke katika njia ile. Huyo shemeji yake waliyemwita Dereva, hata wajukuu zake walimwita hivyo, alitangulia mapema kuwasha moto. Injini ya zamani ilipewa makaa na maji ili watu waone moshi na wasikie honi. Kutembea haikuruhusiwa hata hatua moja. Ilifungiwa behewa moja tu, na nyuma ya behewa hilo kulikuwa na chumba kidogo cha gadi, yule msimamizi wa treni akaaye mkiani, chenye gurudumu la breki ya mkono.

Toka pale stesheni reli iliteremka. Ulikuwa mteremko usioonekana kwa macho, lakini ukimwaga ndoo ya maji, maji yanajua pa kwenda. Ilikata kona kushoto, ikapita nyuma ya karakana, ikaingia ndani ya ghala la mizigo na kuishia humo. Na ghala siku hizi halikuwa ghala. Lilikuwa ukumbi. Mbao zililazwa juu ya reli, viti vikapangwa, meza ikatandikwa kitambaa katikati kabisa, na milango mikubwa ya mbele ikaachwa wazi watu wapate hewa. Dada yake Gadi aliwekwa pale mbele mezani, kwa sababu yeye ndiye mke wa reli mwenye umri mkubwa kuliko wote na ndiye angekata utepe. Nyonga yake ilivunjika zamani alipoteleza uani. Tangu hapo alitembea kwa fimbo, na kusimama hakuweza mpaka watu wawili wamshike makwapa.

Asubuhi Gadi mwenyewe ndiye aliyemketisha.

"Usiniache hapa kama mzigo usio na mwenyewe," dada alimwambia.

"Dada, wewe ndiye mgeni wa heshima."

"Heshima gani hii ya kuelekezwa mlangoni nipigwe upepo? Nenda kamwangalie shemeji yako. Amekula kipande cha mkate tu, na moto unamtia wazimu. Akishauona moshi anajiona kijana."

Gadi akaenda. Shemeji yake alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani kwa injini, kofia imekaa upande, uso umepakaa masizi mpaka masikioni. Masikio yenyewe yalikuwa pambo tu. Miaka ya kukaa karibu na tanuru ilikuwa imeyamaliza, na ukitaka akusikie ni lazima upige kelele kama unayefukuza ng'ombe.

"Hujambo, abiria!" Dereva alimwita.

Huo ndio ulikuwa utani wake. Walifanya kazi treni moja karibu maisha yao yote, mmoja kichwani na mwingine mkiani, na kwa muda wote huo Dereva alisema neno lile lile: gadi ni abiria aliyepewa kofia. Hana kazi. Anapepea kitambaa, anakunywa chai, anashuka.

"Sijambo, mpika chai!" Gadi alijibu kwa sauti ya juu.

"Unaona hii?" Dereva aligonga bomba la breki kwa spana. "Hii peke yake inaishika injini nzima. Sihitaji mtu mkiani. Sikuhitaji wakati ule, sihitaji leo."

"Siku moja utanihitaji."

"Siku hiyo nitapiga tatu!" alicheka Dereva. "Na ukisikia nimepiga tatu, mwambie dada yako mimi ni marehemu, anayevuta kamba ni mzimu wangu."

Hapo yafaa kueleza, maana ndipo mambo yote yalipofungiwa. Kati ya dereva na gadi hapakuwa na simu wala waya. Kulikuwa na bendera kutoka nyuma, na honi kutoka mbele. Honi moja ndefu, ninaondoka. Mbili fupi, legeza breki yako. Tatu fupi, gadi funga breki, nimeshindwa. Madereva wengine walizipiga hizo tatu bila aibu, mvua ikinyesha au mzigo ukizidi. Huyu hakuzipiga hata mara moja. Aliteremka milima na mabehewa mengi nyuma yake na akaishusha treni mwenyewe, jasho likimtiririka, kuliko kumwomba mdogo wa mkewe msaada.

Magurudumu ya injini yalikuwa yamewekewa kabari za mbao ili isiserereke. Lakini mpiga picha alikuja, akainama, akafumba jicho moja, akasema, "Hizo mbao zinaniharibia picha. Zitoeni kidogo tu." Zikatolewa, zikapangwa kando ya reli. Injini ikabaki inashikwa na breki yake yenyewe.

Na Mkuu, mwanamke wa heshima mwenye miwani na viatu virefu, aliyekuwa ameingiza wageni wachache behewani awaonyeshe viti vya zamani, akamgeukia Gadi na kusema, "Mzee, hebu tuonyeshe mlivyokuwa mnaiaga treni. Maonyesho tu."

Gadi angeweza kuonyesha mle mle ndani. Angeweza kuipepea bendera kwenye kijia kati ya viti, watu wakapiga makofi, ikaisha. Lakini mkono una mazoea yake. Miguu ilimpeleka mlangoni, mwili ukainama nje upande ule ule wa kulia, filimbi ikapanda mdomoni, na bendera ikafunguka. Na kule mbele, macho ya Dereva, yaliyofanya kazi ya masikio miaka yote hiyo, yalikuwa yanatazama nyuma upande ule ule wa kulia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni maonyesho. Mkuu alidhani Gadi atamwambia. Gadi alidhani Mkuu amemwambia.

Dereva aliona kijani. Akajibu honi moja ndefu, akalegeza breki, akafungua mvuke. Hakufikiri, kama usivyofikiri unapoitika ukiitwa.

Na sasa walikuwa wanakwenda.

Gadi alitupa bendera ya kijani sakafuni, akachomoa nyekundu kwapani, akaitoa nje na kuipepea mpaka bega likalia. Ilikuwa kazi bure. Dereva akishaondoka hutazama mbele. Behewani wageni walikuwa wanashangilia. Mama mmoja mnene muuza vitambaa, aliyekuwa amemtania Gadi tangu asubuhi kuhusu sare yake iliyombana tumbo, alipiga kigelegele.

"Kumbe mnatutembeza! Mngesema tufunge na chakula!"

"Mama, kaa chini."

"Nikae chini kwa nini, na dirisha ndilo nimelijia?"

Ndipo kule mbele mambo yalipobadilika. Labda Dereva aliona watu wakikimbia kando ya reli wakipunga mikono. Labda zile mbao za kabari zilizopangwa pembeni zilimpita chini ya macho, akakumbuka yuko wapi na ni mwaka gani. Mlio wa mvuke ulikatika ghafla. Amefunga mvuke, Gadi alijiambia, amefunga, sasa atashika breki. Akashika ukingo wa mlango kwa mikono miwili asubiri kishindo cha kusimama.

Kishindo kilikuja, lakini hakikuwa cha kusimama. Kilikuwa kama mlipuko wa gurudumu la lori. Wingu jeupe lilitoka pande zote mbili za injini, nene kama pamba, na kutoka ndani ya wingu lile mtu aliruka, akabiringika majanini. Alikuwa mtia makaa, kijana wa tanuri la mikate aliyekodiwa kwa siku moja kwa sababu ati anajua moto. Nyuma yake hakuruka mtu mwingine.

"Ni nini hicho?" Mkuu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Bomba la breki limepasuka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo injini haina breki, na tunateremka."

Hawakuwa wanakwenda kasi bado. Ulikuwa mwendo wa mtu anayewahi dukani kabla halijafungwa. Lakini viungo vya reli vilivyokuwa vikigonga polepole chini ya sakafu vilianza kukaribiana, na Gadi alivisikia vikikaribiana kama mtu anavyousikia moyo wake mwenyewe.

Kisha kutoka ndani ya lile wingu, honi. Fupi. Fupi. Fupi.

Kwa sekunde Gadi alisimama tu kama aliyepigwa kofi. Miaka yote hiyo, milima yote ile, na sasa kwenye uwanja wa makumbusho, kwenye mteremko ambao mtoto angeushuka na baiskeli bila kushika kitu, shemeji yake alikuwa anamwomba.

Na kutoka ghalani, nyuma ya kona, yakaja makofi. Watu waliambiwa honi itapigwa wafurahi. Wakafurahi.

Honi ikarudia. Fupi, fupi, fupi. Makofi yakazidi, na mtu akapiga mluzi.

Gadi aliruka ndani ya chumba chake, akalishika gurudumu la breki, akalivuta. Halikusogea. Akatazama chini. Mnyororo mpya unaong'aa ulikuwa umepitishwa kati ya mikono ya gurudumu, ukazungushwa kwenye chuma cha benchi, na kufungwa kwa kufuli. Juu yake kikaning'inia kibao safi: USIGUSE.

"Ufunguo!"

Mkuu alishika mifuko ya koti lake. "Watoto walikuwa wanalichezea wiki ile," alisema. "Nikaogopa wataumia."

"Mama, ufunguo uko wapi?"

"Kwenye mkoba."

"Mkoba uko wapi?"

"Mezani. Ghalani. Nilimwachia dada yako anishikie."

Gadi alitazama nje. Karakana ilikuwa inawajia, na baada ya karakana ni kona, na baada ya kona ni milango ile iliyo wazi. Kwa miguu, mtu angeweza kukata moja kwa moja uwanjani na kufika ghalani kabla ya treni, kama ana magoti. Yeye magoti hakuwa nayo. Na akiruka yeye, hapa nyuma hatabaki mtu anayejua breki.

"Unaweza kukimbia?" alimwuliza Mkuu.

"Na viatu hivi?"

"Vivue. Ruka upande wa majani, kimbia, watoe watu. Mtoe dada yangu kwanza. Dada yangu hawezi kusimama peke yake, unanisikia? Hawezi kusimama."

Mkuu wa makumbusho alivua viatu, akavirusha nje kwanza kana kwamba anavijaribisha, akashika miwani yake, akaruka. Gadi alimwona akianguka kwa mikono, akiinuka, akikimbia sketi imepandishwa magotini. Alikuwa anakimbia vizuri. Lakini treni nayo ilikuwa inaongeza.

Ukutani, kwenye fremu ya mbao, walikuwa wamepanga vifaa vya gadi wa zamani: taa, bendera kuukuu, na mtaimbo mrefu wa chuma uliokazwa kwa waya. Gadi aliung'oa na waya wake, fremu nzima ikadondoka. Akausukuma mtaimbo chini ya mnyororo, akaegemea. Mnyororo ulikuwa wa leo, wa chuma kizuri. Ulilia tu.

"Unafanya nini wewe babu?" Muuza vitambaa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Navunja."

"Huo mnyororo hauvunjiki. Vunja benchi!"

Ilikuwa kweli. Chuma cha benchi kilishikwa na skrubu, na skrubu zilishikwa na mbao, na mbao zile zilikuwa zimekaa mvuani miaka kabla hazijapakwa rangi. Gadi aliuhamisha mtaimbo. Wakaegemea wote wawili. Mbao zilitoa sauti kama biskuti, skrubu zikaruka, na chuma cha benchi kikabaki kinaning'inia kwenye mnyororo. Gurudumu likawa huru.

Alilishika. Halikuzunguka.

Alilitazama kama unavyomtazama mtu aliyekusaliti. Rangi. Walikuwa wamelipaka rangi. Gurudumu, mhimili na ile parafujo ndefu inayoshuka sakafuni, vyote vilimezwa na rangi nyekundu nzuri, tabaka juu ya tabaka, mpaka chuma na chuma vikawa kitu kimoja.

Kona ilianza. Behewa lililalia upande mmoja, mtu akapiga kelele, na hiyo haikuwa kelele ya furaha tena. Kupitia dirishani, ng'ambo ya upinde wa reli, Gadi aliliona ghala. Aliona milango. Aliona vichwa vya watu vikiwa vimegeuzwa nje, na weupe wa kitambaa cha meza katikati. Hakumwona Mkuu. Honi ilikuwa inalia bila kukoma sasa, tatu, tatu, tatu, na katikati ya tatu na tatu palikuwa pafupi mno hata kupumua.

"Mtaimbo kwenye gurudumu!" alisema, akijisemesha. Akauchomeka kati ya mikono ya gurudumu, ukawa kama mpini. "Mama, njoo huku. Ning'inia."

"Nining'inie?"

"Ulisema sare imenibana tumbo. Lete na lako!"

Yule mama hakungoja kualikwa mara ya pili. Aliukumbatia mtaimbo, akanyanyua miguu yote miwili kutoka sakafuni. Gadi alisukuma kutoka chini kwa bega. Kwa muda hapakuwa na kitu. Mshipa ulimsimama shingoni, macho yakaona nyota. Akamwona dada yake akiwa msichana, akimfunga kamba za viatu kabla ya shule, na akamkasirikia, sijui kwa nini, kwa kuwa ameketi tu pale.

Rangi ilipasuka. Tak! Gurudumu likaruka robo, mama akaanguka na mtaimbo juu yake.

"Toka, toka, sasa litazunguka!"

Na kweli likazunguka. Zito, likisaga, likimwaga magamba mekundu, lakini likazunguka. Gadi alizungusha mkono juu ya mkono. Chini ya sakafu kitu kilianza kulia, kwanza kama paka, kisha kama kundi la paka, kisha harufu ya rangi inayoungua ikajaa chumbani. Magurudumu ya behewa yalikuwa yameshikwa. Treni ilivutwa shati.

Ilivutwa, lakini haikusimama. Behewa moja haliwezi kuishika injini nzima. Gadi alijua hilo toka mwanzo. Breki ya nyuma ni kumpa mtu wa mbele nafasi, basi. Mwingine lazima afanye la kwake. Na mtu wa mbele alikuwa ndani ya mvuke ambao humenya ngozi kama nyanya iliyochovywa maji ya moto. Mtu mwenye akili angekuwa ameshatoka.

"Rudisha," alisema Gadi kwa sauti ya kawaida, kwa mtu ambaye hasikii hata akipigiwa kelele. "Rudisha nyuma, shemeji. Nimekushika. Mimi nimekushika, rudisha."

Honi ilikatika.

Hicho kimya kilikuwa kibaya kuliko honi. Gadi alizungusha gurudumu mpaka likagoma, kisha akaliegemea asilegeze, akafumba macho. Akasikia injini ikikohoa. Mara moja, kwa shida, kama mzee anayeamka. Kisha ikakohoa tena, na behewa zima likasukumwa nyuma, watu wakarushwa juu ya viti, taa ya maonyesho ikapasuka. Magurudumu makubwa kule mbele yalikuwa yanazunguka kinyume, yakichoma reli. Dereva alikuwa amepindua mkono wa kurudi nyuma na kufungua mvuke, mle mle ndani ya mvuke.

Mbao zilivunjika. Mbao nyingi. Gadi alizisikia moja moja na akajua ni mbao gani.

Kisha hakuna kitu kilichosogea.

Alishuka kwa kuanguka. Akakimbia kando ya behewa, kama kule ni kukimbia, akipita watu wanaochungulia madirishani wakimwuliza maswali. Injini ilikuwa imeingia ghalani mpaka chumba cha dereva. Ilikuwa imekula mbao za sakafuni, imevunja safu ya viti, imesukuma meza kando. Viti vilikuwa vitupu. Watu wote walikuwa nje, upande wa pili, wamesimama kwenye jua wakitetemeka, na Mkuu wa makumbusho, miguu mitupu, damu kwenye kiganja, alikuwa ndiyo kwanza anafika akitokea uwanjani.

"Walikuwa wameshatoka," alisema, akihema. "Nimekuta wameshatoka. Nani amewatoa?"

Gadi aliingia. Kitambaa cha meza kilikuwa kimekwama kwenye kimoja cha vyuma viwili vya kukingia migongano mbele ya injini. Mbele ya chuma hicho, mgongo ukutani, dada yake alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mkoba wa Mkuu mapajani, fimbo mkononi. Kati ya chuma na magoti yake ungeweza kupitisha sahani. Chuma kilikuwa kinatoa joto, na jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mikunjo ya uso.

"Dada."

"Amepiga tatu," alisema dada yake.

"Dada, umeumia?"

"Hawa walikuwa wanapiga makofi. Nikawaambia tokeni, wakacheka. Wakadhani mzee nimechoka. Nikawapiga na fimbo." Aliinua ile fimbo, ncha yake ilikuwa imevunjika. "Wawili walirudi kuninyanyua, nikawafukuza. Wangenichelewesha na wao wangekufa. Wakasukuma kiti mpaka ukutani, wakakimbia." Akameza mate. "Nimeishi kando ya reli tangu nilipoolewa. Nazijua honi zake zote. Hiyo hajawahi."

"Najua."

"Miaka yote alisema siku akipiga tatu ni marehemu." Sasa alimtazama mdogo wake usoni, kwa mara ya kwanza. "Nenda juu, kaniangalizie. Mimi siwezi kupanda."

Gadi alipanda ngazi za injini. Mvuke ulikuwa umepungua, unatiririka tu kutoka kwenye bomba. Shemeji yake alikuwa ameketi sakafuni juu ya makaa, ameegemea ukuta, mikono ameiweka mbele yake viganja juu, kama anayengoja kupewa kitu. Haikuwa mikono ya kutazama. Macho yalikuwa wazi.

Gadi alipiga magoti, akamkaribia sikioni, akapiga kelele. "Mkeo yuko hai! Hajaguswa!"

Dereva alitikisa kichwa taratibu kwamba amesikia. Midomo ilikuwa imevimba. Akaisogeza mara mbili kabla sauti haijatoka.

"Umechelewa, abiria."

"Walikuwa wamelifunga mnyororo."

"Umechelewa," alirudia, na machozi yakamshuka yakichora mistari kwenye masizi. "Lakini nilikusikia uliposhika. Nilihisi hapa." Akagonga sakafu ya chuma kwa kisigino. "Ndipo nikarudisha."

Gadi alitoa kichwa dirishani kwa injini, dirisha ambalo hakuwahi kulitumia maisha yake yote, akatazama chini. Dada yake alikuwa ameinua uso, hapumui.

"Si mzimu," Gadi alimwambia. "Ni yeye mwenyewe."

Dada aliweka mkoba wa Mkuu sakafuni, akafunika uso kwa viganja, na fimbo ikamdondoka.

Dereva alikaa hospitali mpaka mvua zilipoanza. Ngozi ya mikono ilirudi, ila vidole vya mkono wa kulia havikunyooka tena, na mkewe ndiye aliyemkatia nyama kwenye sahani. Aliishi miaka michache zaidi, akafa kwa mapafu, nyumbani, asubuhi.

Mtia makaa alivunjika kifundo cha mguu, akarudi kwenye mikate yake. Muuza vitambaa alipata maumivu ya bega yasiyopona. Alipowasimulia wateja, treni ilikuwa na mabehewa kumi. Mpiga picha hakupata picha hata moja ya tukio, maana alikuwa anakimbia. Picha pekee iliyotoka vizuri siku ile ni ya kabari za mbao zimepangwa kando ya reli.

Mkuu alihojiwa, akahamishiwa ofisi nyingine isiyo na magurudumu. Gadi naye alihojiwa, akasema bendera ilikuwa yake, na hakuna aliyemfanya lolote kwa sababu ya umri. Kibao cha USIGUSE kilitolewa. Injini ilizimwa moto, ikamwagwa maji, magurudumu yake yakachomelewa kwenye reli pale pale ilipokuwa imefika, na ukumbi wakauhamishia chumba cha tikiti.

Dada yupo. Alinunuliwa fimbo nyingine.

Gadi hakuenda tena makumbusho. Bendera ya kijani waliiweka kwenye kabati la kioo. Nyekundu aliondoka nayo.